Mchoro Uliopelekwa Kikaoni

Matombo,
16 Februari 1992

Mpwa wangu Martina,

Barua hii ikukute mzima, kama inavyoniacha mimi mzima wa kukohoa. Kifua ni kilekile cha kiwandani, usikiulize. Wote wanakusalimu. Bibi Mwanaheri anasema umemsahau, na Bartholomeo wa dukani anauliza kama huko India kuna baridi kuliko kwetu mlimani. Mama Abel bado yuko kwao Dumila, anauza vitunguu barabarani. Alisema atarudi kwangu Krismasi, ila hakutaja Krismasi ipi. Ndizi zipo, mafenesi yapo, barabara haipo.

Sasa lililonikalia kooni. Ulipoondoka mwaka juzi nilimwambia kila mtu hapa kwamba mpwa wangu amekwenda kusomea ujenzi. Wanakuita Injinia, na Bartholomeo anasubiri umchoree choo. Barua yako ya mwisho inasema shahada unayosomea ni ya sanaa, na darasani umekaa na wachonga sanamu. Niliisoma mara mbili nikaikunja haraka kabla watu hawajaomba niwasomee. Nieleze kwa Kiswahili cha mtu wa mlimani: ukimaliza, utajenga nyumba au hutajenga?

Siulizi kwa ubishi. Unajua sisi Waluguru ardhi yetu inashikwa na mwanamke. Shamba hili mama yangu alilipata kwa mama yake, na mama yako angelishika kama Mungu hangemwahi. Wewe ndiye mwanamke pekee aliyebaki katika tombo letu, ziwa tulilonyonya mimi na mama yako. Mimi mwanamume ni mlinzi tu, na wanangu wana kwao kwa mama yao huko Dumila. Ndiyo maana nimekaa peke yangu katika nyumba ya bibi yako, nawasha moto kila jioni, mtu asije akasema nyumba imekufa.

Sasa waliopunguzwa kazi mjini wanarudi mlimani, kama nilivyorudi mimi, na mashamba hayatoshi. Pili wa tombo la bibi yako mdogo ana mabinti wanne na hana pa kuwalimisha. Siku hizi anapita kwenye migomba yetu akiitazama sana. Kwa sasa anatazama tu.

Nijibu: utarudi lini?

Mjomba wako,
Anselmi


Pune, India,
5 Aprili 1992

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikiwa imelowa pembeni, nikajua imepitia Matombo kweli. Mimi mzima. Huku joto limeanza, tunalala sakafuni bwenini kwa sababu vitanda vinaunguza. Nisalimie Bibi Mwanaheri, umwambie sijamsahau hata kidogo. Mwambie Bartholomeo baridi ya kwetu haina mpinzani. Kifua chako umekipeleka misheni? Najua jibu, lakini nauliza.

Umeuliza, na swali lako ni la haki. Chuo chetu kinafundisha usanifu wa majengo ndani ya kitivo cha sanaa. Mwaka wa kwanza hatukugusa nyumba hata moja. Tulichora mikono, vyungu, kivuli cha kiti. Tunachora kwa mkaa na tukikosea tunafuta kwa mkate laini, mjomba, usicheke. Wanaosomea uhandisi wako chuo kingine, wao wanapiga hesabu za nondo. Sisi tunaulizwa mwanga unaingilia wapi, na mtu akivuka mlango anajisikiaje. Nikimaliza nitaweza kubuni nyumba na kuichora. Ila kutia sahihi ramani ili serikali iruhusu ijengwe, hapo yatahitajika masomo mengine. Kwa hiyo mimi si injinia. Naomba uwaambie taratibu.

Wiki iliyopita mwalimu wetu, mama mmoja mkali anayevaa miwani utosini, alitufumbisha macho akasema tuchore nyumba tuliyokulia. Nilichora ya Bibi. Nilikumbuka kizingiti kilicholika katikati, nikakumbuka ukuta wa chokaa ambao Bibi alikuwa akiegemea akichambua mboga. Lakini sikukumbuka moshi ulikuwa unatokea wapi. Mkono ukasimama hapo, na machozi yakanitoka mbele ya wenzangu. Niandikie moshi ulitokea wapi.

Kuhusu Pili, pole. Sidhani kama wazee watakubali. Kuhusu kurudi, shahada yangu inaisha mwakani. Tuombe uzima.

Mpwa wako,
Martina


Matombo,
24 Mei 1992

Mpwa wangu Martina,

Marahaba. Tumeipata barua yako, na tumshukuru aliyeibeba, maana masika yamekata barabara na sasa mtu akitaka kwenda Morogoro anakwenda kwa miguu na kwa rehema. Misheni nimekwenda. Wamenipa dawa ya maji na maneno. Mama Abel ameleta salamu tu, yeye hajaja.

Nimewaambia watu kuwa wewe si injinia. Hawajaamini, wanasema mjomba wako naona wivu. Habari ya mkate sijamwambia mtu. Hapa kuna watoto hawajauonja tangu Pasaka, nitasimama wapi niseme mpwa wangu anafutia makosa?

Umeuliza moshi. Nyumba ya mama yangu haikuwa na mahali pa moshi. Jiko lilikuwa kibandani nyuma, na moshi ulitokea kwenye nyasi, mlangoni na machoni mwetu. Mafiga yale matatu yapo mpaka leo, na ndiyo ninayopikia.

Sasa kaa chini usome. Pili ameacha kutazama, amesema. Alikwenda kwa mndewa Mansuri, mkuu wa ukoo, akamwambia shamba la tombo letu linalala wakati wanawe wanalia. Mndewa akaniita. Hakunikaripia, alisema tu, "Anselmi, asiyekuwepo na lake halipo." Nikamwambia yupo, anasoma, atarudi kujenga papo hapo kwenye kiwanja cha bibi yake. Akauliza, "Tutajuaje?"

Unajua desturi. Mtu akitaka kujenga hukusanya mawe kwanza, watu wakapita wakayaona, basi neno limekwisha. Wewe mawe yako yako India. Kwa hiyo nikasema utaleta mchoro wa nyumba utakayojenga, na mndewa akakubali uletwe kikaoni baada ya mavuno, mwezi wa Agosti. Ndicho nilichokuombea, na ndicho pekee tulichobaki nacho.

Basi ichore, mama. Ichore kubwa, iwe na bati. Siku hizi bati ni ruksa, limejaa maduka yote mjini, kilichoadimika ni hela. Usijali kama wazee wanajua ramani au hawajui. Nyumba wanaijua.

Na hukunijibu utarudi lini. Mwakani ni lini?

Mjomba wako,
Anselmi


Pune,
28 Juni 1992

Mjomba wangu,

Shikamoo, na pole kwa mvua na kwa yote. Huku nako mvua imeanza, inanyesha kwa hasira kama ya kwetu, ila haina harufu ileile. Mimi mzima, nimepungua kidogo kwa kazi nyingi. Shukrani kwa habari ya moshi. Niliisoma nikacheka.

Mchoro huu hapa, umeviringishwa ndani ya mwanzi usije ukakunjika. Ukifika umepinda, utandike chini ya godoro siku mbili. Nimeuchora kwa wino, hautafutika hata ukiguswa na mikono mingi.

Mjomba, sijawahi kufanya kazi kama hii. Nimeiweka nyumba pale pale kwenye kiwanja cha Bibi, imeegemea mteremko badala ya kuukata, na ukumbi mrefu unautazama mlima. Asubuhi jua litaingia mpaka katikati ya sakafu. Kizingiti kilicholika nimekirudisha vilevile. Kaburi la Bibi na la mama unayaona kutoka ukumbini.

Rasimu ya kwanza ilikuwa imejaa vitu. Mwalimu aliitazama akasema, "Ondoa. Kila unachoondoa, nyumba inapata pumzi." Nikaondoa uchanja wa vyombo, nikaondoa vibanda vya nyuma, nikaondoa kamba ya nguo. Alisema kweli. Ilipobaki mistari michache tu, hata mimi nilikaa nikiitazama tu. Nakala yake ndiyo nitakayoiweka kwenye maonyesho ya chuo, lakini ya kwako ndiyo ya kwanza, ndiyo iliyotoka mkononi.

Kuhusu kurudi, kuna mambo hapa chuoni hayajakaa sawa. Yakikaa nitakuandikia. Waambie wazee nawasalimu mmoja mmoja. Pili naye nisalimie, tulichota maji pamoja.

Mpwa wako,
Martina


Matombo,
9 Agosti 1992

Mpwa wangu,

Ni haraka haraka, Bartholomeo anashuka mjini na hataki kungoja. Afya ipo.

Umefika! Umefika mzima, hata mwanzi haukupata ufa. Nimeutundika ukutani, nakula nikiutazama. Nakwambia kweli sikujua kichwa chako kina vitu vya namna hii. Ule ukumbi nimeukalia mara nyingi tayari. Kaburi la mama nililiona, nikatoka nje kidogo.

Kikao ni Jumamosi, kwa mndewa. Nimeutazama sana mchoro na nimeona pana kitu kidogo kimepungua. Si kitu cha kukusumbua wewe wala cha kungoja barua, nitakimaliza mwenyewe.

Swali langu moja bado linakungoja, unalijua.

Anselmi


Pune,
18 Oktoba 1992

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na tena shikamoo. Tangu barua yako ya Agosti sijapata neno. Kila siku nashuka kwa mlinzi wa bweni kuuliza, mpaka sasa akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Kikao kilikuwaje? Unaumwa? Nilikuandikia Septemba, hiyo nayo sijui kama ilifika. Nisalimie nyumbani kote.

Mchoro wetu umepata nafasi ya kwanza katika maonyesho. Sasa ile nakala imetundikwa kwenye ukumbi mkubwa wa chuo na taa yake peke yake. Watu wanasimama mbele ya nyumba ya Bibi wanaitazama, wanaondoka. Nilifurahi siku ya kwanza. Siku zilizofuata nimekuwa nikipita njia ya nyuma.

Mjomba, uliniuliza mara nyingi na mimi nimekuwa nikikuzungusha. Sasa nakujibu. Mwezi wa Juni mwalimu wangu alinipa nafasi ya kuendelea miaka miwili zaidi, nisomee ile sahihi niliyokueleza, huku nikifanya kazi katika ofisi yake. Nilisema ndiyo siku ileile. Nilipokuwa nachora ile nyumba nilikuwa nimekwisha kukubali. Nilijiambia nitakueleza kikao kikishapita na shamba likishatulia. Nikisema kweli yote, hata baada ya hiyo miaka miwili sijui.

Usidhani sipataki nyumbani. Napataka mpaka naumwa. Lakini nikifikiria nimekaa pale, sioni nafanya nini mchana kutwa. Nisamehe. Niandikie japo mstari mmoja, hata wa matusi.

Mpwa wako,
Martina


Kwa Mama Abel, Dumila,
13 Desemba 1992

Mpwa wangu Martina,

Marahaba za barua mbili. Zimenifuata hapa Dumila kwa gari la vitunguu, Bartholomeo alizipa dereva. Salamu za huku ni vumbi na malori ya Dodoma. Abel hajambo. Mama Abel hajambo. Nilipofika na mizigo yangu hakuniuliza kitu, alinitengea maji ya kuoga na chakula akarudi kwenye meza yake barabarani. Mpaka leo hajauliza. Kifua ni kilekile.

Nilichelewa kukuandikia kwa sababu kila nilipoanza nilishikwa na aibu. Leo naandika mpaka mwisho.

Ule mchoro ulipofika niliufurahia kama nilivyokwambia. Kisha nikaanza kutafuta jiko. Ukumbini sikuliona, chumbani sikuliona, nyuma ya nyumba ni mteremko mtupu. Nikasema mtoto wa shule amesahau, na wazee hawatasamehe usahaulifu wa namna hiyo. Basi nikaokota kipande cha mkaa nikachora mafiga matatu nyuma, pale pale yalipo ya mama. Mkono wangu si wako. Yalitoka kama viazi.

Kikaoni mndewa aliutandika mkekani, watu wakauinamia. Waliusifu, Martina, na hawakuwa wakikusengenya. Hata Pili alisema, "Hii nyumba ya watu." Nilikwisha kuanza kupumua. Ndipo Bibi Mwanaheri akagusa yale mafiga, na kidole kikatoka cheusi. Akakiinua wote wakione.

"Anselmi, haya kayaweka nani?"

Nikasema, "Martina."

Akapitisha kidole kingine kwenye ukuta wa nyumba, hakikutoka kitu. "Mbona ya kwake hayatoki, na haya yanatoka?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu niliipaka mkaa mwenyewe.

Bibi Mwanaheri hakusema kwa ubaya. Alisema, "Mwanangu, mwanamke akifikiria nyumba atakayokaa, huanza na jiko. Huyu mwenzetu kachora nyumba ya kutazama."

Mndewa akaniuliza, "Je, alikwambia atarudi lini?" Barua zako zote nilikuwa nazo mfukoni. Nilizishika, sikuzitoa, kwa sababu hakuna hata moja iliyosema.

Kwa hiyo shamba ni la Pili sasa. Mabinti wawili wamekwisha kuingia katika nyumba ya bibi yako, na mmoja ana mimba. Makaburi wamesema watayapalilia, na watayapalilia, Pili si mtu mbaya. Mimi walinitaka nibaki kama mgeni. Nikaona niondoke, nisije nikawa mgeni nilipozaliwa.

Miezi yote hii nimekuwa nikijilaumu kwamba ni mkaa wangu uliolipoteza shamba. Nilikuwa nalala nikiona kile kidole cheusi. Kisha barua yako ya Oktoba ikafika, nikajua ulikwisha kusema ndiyo mwezi wa Juni. Basi hukusahau jiko. Wewe ulichora kweli tupu, mimi ndiye niliyechora uongo. Nilitaka kukuandikia kwamba sikulaumu. Nakulaumu. Nakulaumu sana, na jana tu muuza mafuta hapa kaniuliza habari za jamaa zangu, nikajikuta namwambia nina mpwa India, msanifu wa majengo, kashinda wote.

Mafiga niliyang'oa kabla Pili hajahamia. Mama alikuwa akisema mafiga ya tombo hayaachiwi tombo jingine, basi nikayapakia kwenye lori, yakatozwa nauli kama watu. Mama Abel ana ya kwake. Yetu yamekaa nje ukutani, mvua za vuli zinayanyeshea.

Mchoro mndewa alinirudishia. Ninaufunga pamoja na barua hii, ni wako, ukae na mwenzake wa kwenye taa. Nilinunua mkate nikajaribu kuyafuta yale mafiga yangu, kama mnavyofanya huko, ili ukurudie safi. Nimeumaliza mkate wote na bado yanaonekana.

Mjomba wako,
Anselmi